Utada Hikaru: mama aliacha na miaka 28, mtoto akaacha na 27



Kuna sauti ambayo wengi wenu mumeisikia bila kujua ni ya nani. Kama uliwahi kukaa karibu na mdogo wako akicheza Kingdom Hearts kwenye PlayStation 2, ao ukatazama filamu za Evangelion kwenye simu ya rafiki, basi umemsikia Utada Hikaru. Alizaliwa New York tarehe 19 Januari 1983, wazazi wote wawili Wajapani, akakua kati ya Marekani na Japani, na akauza diski kwa wingi ambao Japani haijauona tena.

Mimi ni mtu wa agronomia, si wa muziki. Lakini historia hii inanivuta juu ya kitu kimoja: kila mahali inasimuliwa kama muujiza. Mtoto wa miaka 15 anatokea tu, anaimba, nchi nzima inanunua. Sisi tulifundishwa kwamba ukiona mavuno makubwa hivyo, kwanza unauliza mbegu ilitoka wapi na mvua ilinyesha lini. Njo maana nitaanza na mtu mwingine, mama yake.

Mama huyo kwenye jukwaa aliitwa Fuji Keiko, jina la nyumbani Abe Junko. Alizaliwa mwaka 1951 katika jimbo la Iwate, akakulia Asahikawa, kisiwa cha Hokkaido, kule kaskazini kwenye theluji nyingi. Baba yake alikuwa mwimbaji wa rōkyoku, yaani usimulizi wa hadithi kwa kuimba. Mama yake, asiyeona vizuri, alipiga shamisen, ile ala ya Kijapani ya nyuzi tatu. Walikuwa watu wa kutembea na muziki wao, leo hapa, kesho kule, wakitafuta chakula cha siku. Mtoto aliwafuata na kuimba pamoja nao. Kwa hiyo munapomsikia Utada, munasikiliza kizazi cha tatu cha kazi hiyohiyo.

Fuji alitoa diski yake ya kwanza mwaka 1969, wimbo kuhusu mwanamke wa Shinjuku, mtaa wa baa na taa za usiku ndani ya Tokyo. Aliimba enka. Kwa wasiojua, enka ni nyimbo za huzuni za Kijapani: pombe, bandari, treni ya usiku, mapenzi yaliyovunjika. (Hapa kwetu wazee wangeelewa haraka, juu rumba ya zamani nayo inajua kulia huku watu wanacheza.) Lakini huyu dada hakulia. Alisimama wima, uso bila tabasamu, sauti nzito yenye mikwaruzo, kama mtu anayesoma hesabu ya madeni yake. Mwandishi Itsuki Hiroyuki alisema hiyo si enka ya kawaida. Aliandika neno lenyewe kwa herufi nyingine, inayosomwa vilevile lakini maana yake kinyongo. Mwaka 1970 albamu yake ya kwanza ilikaa nafasi ya kwanza ya mauzo wiki 20. Albamu ya pili ikaipokea palepale, wiki 17. Jumla wiki 37 mfululizo, msichana hajafika miaka 20.

Shikeni jambo moja hapa, tutalirudia: nyimbo hizo hakuzitunga. Aliyemvumbua, Ishizaka Masao, njo aliandika maneno mengi aliyoimba. Yeye alileta sauti, uso, na maisha yake ya umaskini ambayo watangazaji waliyauza pamoja na diski.

Mwaka 1979, akiwa na miaka 28, Fuji akatangaza kwamba anaacha. Akaenda Marekani. Baadaye alirudi kuimba, lakini ile nafasi ya 1970 haikumrudia. Mwaka 1982 aliolewa na Utada Teruzane, mtayarishaji wa muziki, na mwaka uliofuata mtoto akazaliwa. Nyumba yao ilikuwa studio: mtoto akifanya kazi za shule pembeni ya meza ya kurekodia, wazazi wakihangaika na diski za familia ambazo hazikuuza kitu. Mtoto alirekodi Kiingereza kwa jina la Cubic U. Nayo haikwenda mbali.

Sasa tuje kwenye mvua, yaani mwaka wenyewe. Tarehe 9 Desemba 1998 kampuni ya Toshiba-EMI ilitoa "Automatic". Mwaka huo uchumi wa Japani ulikuwa mgonjwa: mwaka mmoja nyuma kampuni kubwa ya hisa ya Yamaichi ilikuwa imeanguka, na wahitimu wa vyuo walikuwa wanatafuta kazi bila kupata (munaweza kutabasamu kidogo hapa). Lakini ajabu, 1998 njo mwaka ambao biashara ya CD nchini mule ilifika kilele chake. Bei ya CD Japani inalindwa na sheria, duka haliruhusiwi kuishusha hovyo. Albamu mpya ilikuwa karibu yeni 3,000 kila mahali. Kwetu kaseti moja ilinakiliwa mpaka mtaa mzima ukawa nayo, na mwimbaji hakuona franga. Kule kila sikio lilileta pesa dukani.

Tena angalieni nani alitawala. Katika miaka hiyo muziki wa vijana ulikuwa mikononi mwa watayarishaji, wa kwanza wao Komuro Tetsuya. Mtayarishaji anatunga, anachagua msichana, anamvalisha, anamwimbisha. Halafu anatokea mtoto wa miaka 15, Kijapani na Kiingereza vyote vyake, ambaye ametunga mwenyewe maneno na sauti, na anaimba kwa mdundo wa R&B ya New York kana kwamba Kijapani kiliumbwa kwa ajili ya mdundo huo. Kisha watu wakagundua: kumbe ni mtoto wa Fuji Keiko! Wazazi waliolia na mama mwaka 1970 wakanunua diski pamoja na watoto wao.

Albamu "First Love" ilitoka tarehe 10 Machi 1999. Ndani ya Japani peke yake iliuza zaidi ya milioni 7. Nchi ilikuwa na watu kama milioni 126. Pigeni hesabu: karibu diski moja kwa kila watu 17, ukihesabu watoto wachanga na wazee. Hakuna albamu iliyoipita mpaka leo, na sioni namna itakavyopitwa, juu dunia ya kununua diski yenyewe imekwisha.

Miaka miwili baadaye ikaja siku ambayo wafanyabiashara wa muziki kule bado wanaihadithia. Tarehe 28 Machi 2001, albamu ya pili ya Utada, "Distance", na mkusanyiko wa Hamasaki Ayumi, malkia mwingine wa wakati ule, vilitoka siku moja. Magazeti yakaifanya vita. "Distance" iliuza kama milioni 3 kwa wiki moja, ya Hamasaki karibu milioni 2.9. Ilibidi dunia ingoje Adele, mwaka 2015 ndani ya Marekani, ili rekodi hiyo ya wiki moja ivunjwe. Na Utada alikuwa na miaka 18. Mwaka mmoja kabla, alikuwa ameingia chuo kikuu cha Columbia kule New York, akakaa muda mfupi, akaacha. Sitasema zaidi juu ya kuacha chuo, wazazi wengine wanasoma hapa.

Mwaka 2002 peke yake ungeangusha mtu mzima: operesheni ya uvimbe, ndoa na mpiga picha Kiriya Kazuaki (waliachana 2007), albamu nyingine ya mamilioni. Mwaka huo pia ulitoka mchezo wa Kingdom Hearts, uliotengenezwa na Square pamoja na Disney. Aliutungia wimbo mara mbili, Kijapani na Kiingereza. Wakati ule ilionekana kama kazi ndogo ya pembeni.

Kazi kubwa ilikuwa Marekani. Mwaka 2004 alitoa "Exodus" na kampuni ya Island Def Jam, kwa jina moja tu, Utada, yote kwa Kiingereza. Timbaland mwenyewe alishiriki kutengeneza baadhi ya nyimbo. Japani iliinunua kama kawaida. Marekani? Nafasi ya juu kabisa kwenye orodha ya Billboard ilikuwa ya 160. Albamu ya pili ya Kiingereza, mwaka 2009, ilifika ya 69.

Wengi wanaeleza hili kwa urahisi: Wamarekani hawakuwa tayari kwa uso wa Kiasia. Ni kweli kwa sehemu kubwa; redio za kule zilikuwa na sanduku la weusi, sanduku la weupe, na sanduku la Walatini, huyu hakuingia popote. Lakini mimi naona kitu kingine pia. Yeye hakuwa mgeni kule! Ni mji wake wa kuzaliwa, ni lugha yake ya shule. Kampuni ilimtambulisha kama nyota kutoka Japani anayevuka bahari, na nyota wa nje anadaiwa kuleta kitu cha nje. Yeye akaleta Kiingereza cha New York, utani mkavu, midundo ya mashine. Japani ilimpenda juu alikuwa nusu Mmarekani. Marekani ikamtaka awe Mjapani kamili. Watoto wengi wa diaspora yetu kule Brussels na Paris wangeweza kuandika aya hii kunishinda.

Tarehe 9 Agosti 2010 akatangaza kwamba anasimama. Alisema tangu miaka 15 amekuwa ndani ya kazi hii, na sasa anataka kufanya "shughuli za ubinadamu": kuishi kama mtu. Alieleza kwamba hataki kufika miaka 50 akiwa mtu asiyeweza kufanya lolote bila meneja. Tamasha mbili za kuaga kwa muda, Yokohama Arena, tarehe 8 na 9 Desemba, halafu kimya. Alikuwa na miaka 27. Mimi niko na 28 na bado natafuta pa kuanzia, kwa hiyo munaweza kufikiri namna nilivyosoma tangazo lile.

Sasa wekeni mama na mtoto pamoja. Wote wawili walifika juu kabla ya miaka 20. Wote wawili walishusha mzigo wakiwa na 27, 28. Mama aliposimama, mapato yalisimama naye, juu ya kazi yake ilikuwa koo, na koo halifanyi kazi bila mwenyewe kuwepo. Mtoto aliposimama, nyimbo ziliendelea kupigwa redioni, kwenye karaoke, ndani ya michezo ya video, na kila mara fungu la mtunzi linaingia. Miaka sita nje ya jukwaa hainunuliwi na umaarufu peke yake, inanunuliwa na hakimiliki. Mimi sioni jambo kubwa kuliko hili katika habari yake yote, hata zile milioni 7.

Lakini mapumziko hayakuwa mepesi. Tarehe 22 Agosti 2013 Fuji Keiko alianguka kutoka jengo refu, akafa, akiwa na miaka 62. Ilikuwa Shinjuku, mtaa uleule wa wimbo wake wa kwanza. Utada aliandika kwa watu kwamba mama alikuwa ameteswa na ugonjwa wa akili kwa miaka mingi, na kwamba familia iliuona ukizidi tangu yeye akiwa mdogo. Nani katika zile wiki 37 alijua? Ule uso bila tabasamu ulikuwa umeuzwa kama mtindo.

Mwaka 2015 Utada, ambaye wakati huo alikuwa anaishi London, alipata mtoto wa kiume. Septemba 2016 akatoa "Fantôme", albamu aliyoitoa kwa mama yake. Kichwa ni Kifaransa, lugha ya vitabu vyetu, hatuhitaji kutafsiriwa: kivuli cha aliyekufa kinachozunguka ndani ya nyumba. Humo kuna wimbo wa shada la maua ambao ulipigwa kila asubuhi kwenye mchezo wa televisheni wa NHK, watu wakinywa chai kabla ya kazi, mpaka wakaelewa taratibu kwamba maua yale ni ya jeneza. Albamu ilikwenda nafasi ya kwanza. Ni kazi yake bora, nitabishana na yeyote.

Mwaka 2021 alitangaza kwamba hajioni kuwa mwanamke wala mwanaume. Magazeti ya Kiingereza yakahangaika na viwakilishi vyao, ya Kifaransa zaidi. Mumeona kwamba mimi nimeandika maneno haya yote kuhusu Utada kwa "a" na "yeye" bila kupata shida hata mara moja? Kiswahili kilikuwa kimetangulia.

Na Marekani ikaja, kwa mlango ambao kampuni haikuulinda. Aprili 2022, tamasha la Coachella, katika jangwa la California, lebo ya 88rising ikampandisha jukwaani. Alikuwa na miaka 39. Miongoni mwa nyimbo alizoimba kulikuwa na "Simple and Clean", ule wa Kingdom Hearts, kazi ndogo ya pembeni ya 2002. Mbele yake walisimama watu wazima ambao mwaka ule walikuwa watoto na maneti mikononi.