Kells, Mji Ulioachiwa Mawe

Mji wa Kells, katika kaunti ya Meath nchini Ayalandi, ulijengwa na watu waliokimbia kuuawa. Mwaka 795 vyombo vya Waviking, wavamizi wa baharini, vilifika kisiwa cha Iona, magharibi mwa Uskoti, palipokuwa na monasteri ya Columba, mtawa wa Kiayalandi aliyefariki mwaka 597. Mwaka 802 wakarudi na kuchoma moto. Mwaka 806 wakaua watu 68 wa monasteri ile. Walionusurika walikwisha kupewa ardhi Kells, ndani bara, mbali na pwani. Mwaka 807 wakaanza kujenga, na mwaka 814 kanisa lao lilikuwa limekamilika.

Naishi Dublin, na basi la kwenda Kells huchukua zaidi ya saa moja. Ninalipanda kila nikipata nafasi. Wageni wengi wanaofika Ayalandi hulisikia jina la mji huu kwa ajili ya Kitabu cha Kells tu, wakapanga foleni Dublin kukiona, wakaondoka bila kuukanyaga mji wenyewe. Jambo hilo linaniuma, kwa sababu kilichobaki Kells kinaeleza kazi ya wale watawa waziwazi kuliko kitabu kilichofungiwa ndani ya kioo.

Kitabu chenyewe si cha kubezwa. Ni Injili nne kwa Kilatini, zilizoandikwa kwenye ngozi ya ndama karibu na mwaka 800, na zimebaki kurasa 680. Wataalamu wangali wanabishana kama kiliandikwa Iona, au Kells, au kilianzwa kule kikaendelezwa huku. Mwaka 1007 kiliibwa usiku kutoka kanisa kubwa la mawe. Kilipatikana baada ya miezi miwili na siku ishirini, kimefukiwa chini ya udongo wenye majani, dhahabu ya jalada lake imekwisha kung'olewa. Mwizi alitaka dhahabu. Maandishi hayakuwa na kazi kwake.

Jambo moja la kitabu hiki hunivutia kuliko picha zake zote. Katika karne ya 12, kwenye nafasi zilizokuwa wazi, watu wa Kells walinakili hati za ardhi kwa Kiayalandi: nani katoa kiwanja, kapewa nani, mbele ya mashahidi gani. Hati ya shamba ikiwekwa ndani ya Injili, nani atathubutu kuikana? Hapo ndipo ninapowaona watu wale wakiwa majirani, wenye mipaka na wenye magomvi ya mipaka, na kitabu kitakatifu kikiwa ndilo sanduku lao la nyaraka.

Ukishuka kwenye basi, tazama barabara za katikati ya mji zinavyopinda. Zinafuata ukingo wa zamani wa monasteri, uliokuwa wa mviringo, na nyumba za leo zimejipanga juu ya mstari ule ule. Panda kilima kidogo hadi kwenye uwanja wa kanisa la Mtakatifu Columba. Utauona kwanza mnara wa mviringo, mita 26 kwenda juu, usio na kilele. Mlango wake uko juu kuliko kimo cha mtu, kwa hiyo aliyeingia alihitaji ngazi. Juu kabisa kuna madirisha matano, na minara mingi ya aina hii ina manne. Ulitumika kwa kengele na kwa kuhifadhi vitu vya thamani, lakini haukuwa ngome ya kuaminika. Mwaka 1076 Murchad mwana wa Flann, aliyekuwa mfalme wa Tara kwa siku tatu tu, aliuawa humo humo ndani.

Karibu na mnara umesimama msalaba wa watakatifu Patrick na Columba, ambao majina yao yamechongwa kwenye kitako kwa Kilatini. Huu ulichongwa ukamalizika. Simama mbele yake ukiwa na mtoto aliyesoma chuo cha Kurani au Jumapili kanisani, atakusomea mwenyewe: Adamu na Hawa chini ya mti, na pembeni yao Kaini akimuua Abeli, vijana watatu ndani ya tanuri, Danieli katikati ya simba, Ibrahimu na mwanawe kwenye madhabahu, Daudi na kinubi. Wakazi wengi wa zama zile hawakujua kusoma, na hizi ndizo zilizokuwa kurasa zao. Mvua ya miaka elfu na zaidi imezilainisha nyuso, lakini mkono wa Kaini bado unajulikana ni wa nani.

Sasa nenda kwenye msalaba ambao haukumalizika. Mgeni huupa dakika moja akapita. Mimi ni binti wa fundi wa milango ya nakshi, nimekulia Unguja kwenye vumbi la mbao, na mbele ya jiwe hili huwa nasahau saa. Fundi alikwisha kulipa jiwe umbo la msalaba. Kwenye nguzo ameacha mabamba yaliyotokeza, matupu, kila moja limepimwa na kuzungushiwa ukingo, likingoja picha yake. Juu, pale mikono inapokutana, Yesu amekwisha kuchongwa akiwa amesulubiwa. Chini yake hakuna mtu hata mmoja.

Marehemu baba alikuwa akifanya vivyo hivyo kwenye ubao wa mninga. Alichora kwanza, kisha akapunguza pembeni kwa patasi mpaka sehemu ya nakshi ikabaki imeinuka, tupu. Maua na minyororo vilikuja mwisho. Mteja akipita dukani wakati huo hudhani kazi haijaanza, kumbe sehemu ngumu imekwisha: kuamua pa kuacha. Ukipunguza mno, mbao hairudi, na jiwe ndiyo kabisa. Kwenye msalaba huu uamuzi ule unaonekana wazi, umesimama hewani. Pitisha macho kwenye ukingo wa bamba moja tupu na utaona jinsi mstari ulivyonyooka, na jinsi fundi alivyojiachia unene wa kutosha kutoa kichwa, bega na goti. Misalaba iliyomalizika imeficha hesabu hiyo chini ya watu na wanyama wake. Nadhani pia alianza juu makusudi, ili vipande vinavyoruka visije vikaumiza kazi iliyokwisha kukamilika chini.

Ndiyo maana nasema, anayetaka kuwajua watu waliotengeneza kitabu cha Kells aje asimame hapa. Kwenye kurasa za kitabu tunaona fahari. Hapa tunaona mtu amefika katikati ya kazi.

Nje ya uwanja, hatua chache kupanda, kuna nyumba ndogo ya mawe iitwayo nyumba ya Columba, ingawa Columba alikuwa amefariki karne mbili kabla mji haujaanza. Paa lake ni la mawe matupu, limesimama wima sana, na ndani yake kuna vyumba vidogo vya dari ambamo mtu mzima lazima ainame. Mlango wa zamani ulikuwa juu ukutani. Huu unaotumika leo ulitobolewa baadaye.

Msalaba wa sokoni uliteseka kuliko yote. Ulisimama njia panda katikati ya mji, na maandishi ya mwaka 1688 kwenye nguzo yake yanasema uliinuliwa upya. Husimuliwa kuwa katika maasi ya mwaka 1798 watu walinyongwa hapo. Miaka ya 1990 ukagongwa na basi la shule. Siku hizi uko chini ya kipaa mbele ya iliyokuwa mahakama, umekatika juu, na kwenye kitako chake wapanda farasi wanaendelea kupambana.

Ukiwa na miguu ya kutembea, toka mjini uelekee kilima cha Lloyd. Juu yake kuna mnara wa mwaka 1791, umbo la mnara wa taa ya baharini katikati ya malisho, uliojengwa na kabaila mmoja, Earl wa Bective, kwa kumbukumbu ya baba yake. Watu wa tabaka lake waliupanda kutazama mbio za farasi. Chini ya kilima hicho hicho kuna makaburi ya maskini waliofia kwenye nyumba ya kuwatunzia mafukara, wengi wao wakati wa njaa kuu ya miaka ya 1840. Jina la Earl limechongwa kwenye mnara. Waliozikwa kule chini hawana jiwe hata moja, wana msalaba mmoja wa pamoja. Sipendi kuupanda mnara ule kabla sijapita kwanza makaburini.

Nirudi kwenye kitabu. Kiliondoka Kells katika miaka ya 1650, wakati wa vita vya Cromwell, kamanda wa Kiingereza, wapanda farasi wa jeshi walipokuwa wamewekwa ndani ya kanisa lililobomoka. Kilipelekwa Dublin kwa usalama, na mwaka 1661 askofu Henry Jones wa Meath akakikabidhi chuo cha Trinity. Ulikuwa uamuzi mwema. Kingebaki, pengine leo tusingekuwa na ukurasa hata mmoja. Lakini hatari iliyokiondoa imekwisha siku nyingi. Wapo wenyeji wa Kells wanaotaka kirudi, na wanajibiwa kwamba mji mdogo hauna hewa iliyodhibitiwa wala ulinzi wa kutosha. Vyote hivyo hujengwa kwa fedha, na fedha za kiingilio huko Dublin si haba. Tangu mwaka 1953 kitabu kimejalidiwa katika majuzuu manne. Dublin ibaki na matatu. Moja lipelekwe Kells, hata kwa miezi michache ya kiangazi, liwekwe umbali wa kutembea kwa miguu kutoka kwenye msalaba usiomalizika, na watoto wa mji ule waingie bure.