Namna ombi la mtandaoni linavyofikishwa kwa seva ya karibu

MITANDAO ya usambazaji wa maudhui ni mifumo ya seva nyingi zilizotawanywa katika miji na mataifa mbalimbali. Seva hizo huhifadhi nakala za kurasa, picha, video na programu ili mtumiaji azipate kutoka mahali palipo jirani naye, badala ya kuzifuata katika seva asilia ambayo aghalabu huwa ng'ambo.

Kiini cha mfumo huu ni umbali. Mwanga husafiri ndani ya nyaya za faiba kwa kasi ya takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Baina ya Nairobi na London pana kilomita zipatazo 6,800, kwa hivyo ombi na jibu lake haviwezi kukamilisha safari kabla ya milisekunde 68 kupita, hata kama waya ungenyooka kama rula. Mikongo halisi huzunguka baharini, na ukurasa mmoja huhitaji safari kadhaa za kwenda na kurudi kabla ya kufunguka. Hapo ndipo mtumiaji huanza kuhisi uzito.

Tatizo hilo lilitiliwa maanani katikati ya miaka ya tisini katika chuo cha MIT, Marekani, ambako Tim Berners-Lee, mwasisi wa Wavuti, alitahadharisha kuhusu msongamano mtandaoni. Profesa wa hisabati Tom Leighton na mwanafunzi wake Danny Lewin walibuni kanuni za kugawa maudhui miongoni mwa seva nyingi, na mnamo 1998 wakaanzisha kampuni ya Akamai. Lewin aliuawa katika mashambulizi ya Septemba 11, 2001, akiwa abiria katika mojawapo ya ndege zilizotekwa nyara.

Njia mbili kuu

Njia ya kwanza hutumia mfumo wa majina ya tovuti, DNS. Mtu anapoandika jina la tovuti, tarakilishi au simu yake huiuliza seva ya majina, ambayo kwa kawaida ni ya kampuni inayompa huduma ya intaneti. Seva hiyo hupeleka swali mbele hadi kwa seva za majina za mtandao wa usambazaji. Hizi hutazama swali limetoka wapi, hulinganisha na vipimo vya kasi ya njia mbalimbali, huangalia ni seva zipi zilizolemewa au kuharibika, kisha hutoa anwani ya seva inayofaa zaidi. Jibu hilo hupewa uhai mfupi, mara nyingi chini ya dakika moja, ili seva ikizimika wateja waelekezwe kwingine upesi.

Udhaifu wake ni kwamba anayeonekana si mtumiaji bali seva ya majina iliyouliza kwa niaba yake. Mkazi wa Kisumu anayetumia seva ya majina iliyoko Ulaya huweza kudhaniwa kuwa yuko huko, na akapewa seva ya huko. Utaratibu uliochapishwa mwaka 2016 huruhusu sehemu ya anwani ya mtumiaji iambatanishwe na swali. Hata hivyo, baadhi ya wahudumu huukwepa kwa kuhofia kufichua siri za wateja.

Katika njia ya pili, anwani moja hutangazwa kutoka miji mingi kwa wakati mmoja. Ruta za intaneti ndizo huchagua pa kulipeleka ombi, zikifuata itifaki ya BGP. Itifaki hiyo haipimi kilomita wala kasi; huongozwa na mikataba ya kampuni na idadi ya mitandao inayopitiwa. Ndiposa ombi la Nairobi linaweza kwenda hadi Ulaya ilhali seva ya kulijibu iko mtaa wa pili, ikiwa kampuni ya mtumiaji haijaunganishwa na mtandao wenye seva hiyo.

Funzo la Kenya

Wakenya walilijua hilo mapema. Hadi mwaka 2000, barua pepe kutoka kwa mteja wa kampuni moja jijini Nairobi hadi kwa mteja wa kampuni nyingine jijini humo ilipitia ughaibuni kwa setilaiti, na gharama ikalipwa kwa fedha za kigeni. Kituo cha kubadilishana mawasiliano, KIXP, kilifunguliwa mwishoni mwa mwaka huo. Telkom Kenya ililalamika kwamba ukiritimba wake umeingiliwa, na tume ya mawasiliano ikaagiza kifungwe. Kilirejea mwaka 2002 baada ya kupata leseni. Vituo vya aina hiyo ndivyo huwezesha seva moja ya usambazaji kuwafikia wateja wa kampuni nyingi nchini.

Faida yake hudhihirika wakati wa dhiki. Mikongo ya EASSy na Seacom ilipokatika Mei 2024, huduma zilidorora Afrika Mashariki. Katika hali kama hiyo, nakala iliyokwisha kuhifadhiwa nchini haihitaji kuvuka bahari kumfikia msomaji.

Hata hivyo, si kila kitu huhifadhika. Picha ya habari ni ile ile kwa wote, lakini salio la akaunti ya benki ni la mtu mmoja na hubadilika kila mara. Sharti liulizwe linakotunzwa. Kwa huduma kama hizo, ujirani wa nakala hautoshi iwapo seva asilia imebaki ng'ambo. Fimbo ya mbali haiui nyoka.