Mutomboko ni ya ngambo gani?

Wanafunzi wetu hapa Kasenga wanasema mutomboko ni "mambo ya Zambia". Kweli, kila mwaka, mwezi wa saba, Mwata Kazembe anaicheza kule Mwansabombwe, ngambo ya muto Luapula. Anavaa mukonso na kofia ya shanga, anashika shoka na upanga. Mwishoni anaelekeza upanga juu, kisha chini: Mungu na udongo, ni hivyo tu vinaweza kumushinda.

Lakini ule ufalme wa Walunda ulitoka Musumba, kwa Mwant Yav, ukavuka muto toka upande huu wetu. Mupaka ni Wazungu waliuandika, mwaka 1894. Tusipowaeleza watoto maana ya vile vitu, muto utatutenga kweli.