Nani Atangulie Bwawani

Mfugaji wa Alabama na mfugaji wa Morogoro wote hutanguliza bwawani samaki wa kuliwa, kisha ndipo wamlete samaki anayemla. Ukiwatazama juujuu utadhani wamefunzwa na mwalimu mmoja. Utaratibu unafanana kweli. Nia hazifanani hata kidogo.

Yule wa Alabama anafuata hesabu za Homer Swingle, mtafiti wa Auburn, huko huko Alabama, aliyeanza majaribio ya mabwawa miaka ya 1930. Kanuni iliyoenea, kwa bwawa lililorutubishwa, ni vifaranga 1,000 vya blugili kwa ekari mwishoni mwa mwaka, kisha besi 100, walaji wao, mwezi Juni unaofuata. Kwa nini asubiri? Kwa sababu blugili wale wa mwanzo si chakula, ni wazazi. Besi wa urefu wa kidole hawezi kuwameza. Anachokiweza ni vitoto vyao, na kufikia Juni vimeshaanguliwa. Bwawa zima, kwa hiyo, linamwandalia besi karamu.

Perege wa huku habembelezwi azae. Akifikisha miezi mitatu hivi, jike tayari anaatamia mayai mdomoni, na siku ya kuvua nyavu hujaa visamaki vilivyodumaa kwa kugombea chakula kilekile. Kambale huletwa apunguze msongamano huo, ili perege wachache wafikie ukubwa wa kujaza sahani. Sharti aingie akiwa mdogo kuliko perege waliotangulia, la sivyo atawala hao hao wanaofugwa. Yeye ni kibarua tu. Na kibarua chenyewe kinaota nyasi, maana siku hizi vituo vya vifaranga huuza perege madume matupu. Besi hana hofu hiyo.

Ziwa Naivasha, Kenya, lilipewa zamu zote mbili, ya mliwa kisha ya mlaji: perege wa mto Athi mwaka 1925, besi wa Marekani mwaka 1929, kwa starehe ya wavuvi wa ndoana. Mpangilio safi, ila kanuni ya kutangulizana huchukulia kwamba maji ni matupu, na Naivasha ilikuwa na mwenyeji wake, kisamaki ambacho hakikupatikana ziwa jingine lolote. Mara ya mwisho kilionekana mwaka 1962. Besi hawakukosa riziki: kamba wekundu wa Louisiana waliletwa mwaka 1970, wakawa mlo wao mkuu.