Tumbo la CD: Historia ya Muziki wa Bei Nafuu Dukani

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, mnunuzi wa muziki aliyezoea mitaa ya Kariakoo, Dar es Salaam, au River Road, Nairobi, hakutoa pesa kabla ya kuigeuza CD na kuitazama tumbo. Tumbo likiwa jeupe la kung'aa kama fedha, mara nyingi CD hiyo ilitoka kiwandani. Likiwa na kivuli cha kijani au buluu, ilichomwa kwenye kompyuta, pengine katika chumba cha nyuma cha duka lilelile. Wengi walichukua ya kijani, imefungwa kwa nailoni pamoja na kipande cha karatasi kilichotolewa fotokopi, kwa sababu ndiyo waliyoimudu.

Hesabu hiyo ya mfukoni ni kongwe kuliko CD yenyewe.

Mwaka 1928 mwimbaji wa taarab wa Zanzibar, Siti binti Saad, na wenzake walivuka bahari hadi Bombay kurekodi nyimbo zao kwa kampuni ya HMV. Santuri zilirudi Zanzibar na kuenea pwani nzima. Zilikuwa nzito, rahisi kuvunjika, na kila upande ulibeba dakika tatu hivi. Gramafoni haikuwa chombo cha kila nyumba, kwa hiyo watu walizisikiliza kwa pamoja mikahawani: aliyelipia kikombe cha kahawa alisikia taarab bila kununua santuri.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, kazi ya kurekodi ilihamia Afrika Mashariki kwenyewe, na hapo duka likashika usukani. Mombasa, duka la Assanand & Sons lilianzisha lebo yake, Mzuri, likarekodi taarab ya mji huo. Nairobi, mwanamuziki David Amunga alifungua Mwangaza Music Store katika miaka ya 1960, wakati Waafrika wenye biashara ya namna hiyo walikuwa wachache mno. Phares Oluoch Kanindo alifuata na POK Music Stores, akausambaza muziki wa benga mbali hata nchini Zimbabwe, ambako jina lake, kanindo, likawa jina la muziki wenyewe.

Mfumo huo ulikuwa na akili yake. Mwenye duka alisikia kila siku wateja wanaulizia nini. Aliwapeleka studio wanamuziki walioulizwa, kisha akaziweka santuri zao kwenye rafu yake. Katikati ya kila santuri palibandikwa karatasi ya duara yenye jina la bendi na la mtunzi. Aliyenunua wimbo alijua ni wa nani.

Tanzania ilipita njia nyingine. Bendi zake zilirekodi katika studio za Radio Tanzania Dar es Salaam ili zisikike hewani. Waliotaka santuri walitegemea viwanda vya Nairobi, na Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 na mpaka kufungwa, njia hiyo ikawa ngumu zaidi. Wasikilizaji wakategemea redio kaseti: wimbo ukianza, kidole kwenye kitufe cha kurekodi, na nyumba nzima inanyamazishwa.

Kanda, ambayo Philips waliitoa mwaka 1963, ndiyo iliyoshusha muziki hadi kwa mwenye kipato cha chini. Ilikuwa nyepesi, ilivumilia vumbi la basi, na ikilegea ilizungushwa kwa kalamu ya wino. Katika Mji wa Kale wa Mombasa, maduka ya kanda yaliuza hata taarab iliyorekodiwa arusini, na mteja aliweza kudurufiwa aliyoitaka. Lakini mwenye deki mbili aliweza kudurufu ya mtu yeyote. Mwishoni mwa miaka ya 1980 kampuni kubwa za kigeni, PolyGram ikiwa mojawapo, zilifunga shughuli zao Kenya, na udurufu huo ulikuwa sababu kubwa.

CD ilianza kuuzwa Japani mwaka 1982, ila kwa Waswahili wengi ilifika dukani baada ya deki za bei rahisi za VCD kuingia. Kisha ikaja CD tupu ya kuchoma, na pamoja nayo MP3. CD ya kawaida hubeba muziki wa dakika 80 hivi. Ile ya MP3, yenye nafasi ya megabaiti 700, hubeba saa kumi na zaidi. Machinga akapita na nyimbo 150 kwenye CD moja, akiiuza chini ya bei ya albamu ya nyimbo kumi. Mwanamuziki angeshindanaje na hesabu hiyo?

Serikali zilijaribu. Tanzania ilitunga sheria ya hakimiliki mwaka 1999 na kuunda chombo cha kuisimamia, COSOTA. Kenya ikapitisha yake mwaka 2001. Mwaka 2013 Mamlaka ya Mapato Tanzania ilianza kutumia stempu za kodi kwenye kazi za muziki na filamu. Lakini kufikia hapo wateja walikwisha kuhamia kwenye vibanda vya laibrari, kujaziwa nyimbo kwenye flashi na memori kadi, na maduka mengi ya muziki yakageuka kuwa ya simu.

Ni haki kuwasikitikia wanamuziki walionyimwa jasho lao. Hata hivyo, nyimbo nyingi za bendi za mitaani, kwaya za parokia na taarab za arusini hazikupata chombo kingine zaidi ya hizo CD za kuchoma. Na CD hizo zinakufa. Ya kiwandani imechapwa kwa vishimo. Ya kuchoma imeandikwa kwenye tabaka la rangi, na rangi hiyo hufifia kwa joto, jua na unyevu, yaani hali ya hewa yetu yenyewe. Mbaya zaidi, nyingi hazina jina la mtunzi popote.

Aliye nazo kabatini asizitupe. Azinakili sasa kabla deki haijakataa kuzisoma, na kando ya kila wimbo aandike jina la bendi, la mwimbaji, mahali na mwaka, maadamu wanaokumbuka bado wapo wa kuulizwa.