Mguu Si Breki

Kuna ubishi mmoja ambao vijana wa New York, London na Tokyo wameubishania kwa miaka mingi, na mpaka leo haujaisha. Ukiusikia mara ya kwanza utadhani ni mzaha. Je, ni sawa mtu kupanda baiskeli isiyo na breki hata moja, akaingia nayo barabarani katikati ya magari na watu? Si kwamba breki zimekatika na hana hela ya kumpa fundi. La hasha! Kazitoa mwenyewe kwa spana, au kainunua baiskeli ikiwa hivyohivyo, tena kwa bei ya juu.

Kabla hujasema kwamba hao wana wazimu, ngoja kwanza. Baiskeli yenyewe ina siri yake. Haina friwili, yaani kile kidude cha ndani ya meno ya nyuma kinachokuruhusu kuacha kukanyaga pedali na baiskeli ikaendelea kuteleza, huku kikilia trrrr kwenye mteremko. Katika baiskeli hii meno ya nyuma yamekazwa moja kwa moja kwenye gurudumu. Gurudumu likizunguka, pedali nazo zinazunguka, utake usitake. Ukitaka kupunguza mwendo unazikatalia pedali kwa nguvu za misuli. Ukitaka kusimama ghafla unaegemea mbele, unaikaza miguu, na tairi la nyuma linaburuzika juu ya lami. Ndiyo maana wenyewe wanauliza: breki ya nini, na miguu ninayo?

Swali hilo si la kijinga. Lina historia ndefu nyuma yake, na historia hiyo ndiyo inayoweza kutuamulia ugomvi.

Hebu tuanze mwanzo. Mwaka 1817, katika mji wa Mannheim huko Ujerumani, Karl von Drais alitoka na chombo cha mbao chenye magurudumu mawili. Hakikuwa na pedali wala mnyororo. Mtu alikaa juu yake akajisukuma kwa miguu ardhini, kama anayekimbia huku amekaa. Miaka ya 1860 mafundi wa Paris wakafunga pedali kwenye gurudumu la mbele. Pedali zile zilikuwa zimekazwa kwenye gurudumu lenyewe, kwa hiyo mzunguko mmoja wa mguu ulikuwa mzunguko mmoja wa gurudumu. Sasa we fikiria: ukitaka kwenda mbali zaidi kwa mzunguko mmoja, utafanyaje? Utalikuza gurudumu. Basi miaka ya 1870 likakuzwa, likakuzwa, mpaka mtu akawa anakaa juu kama yuko juu ya ng'ombe, gurudumu la nyuma likibaki dogo kama sinia.

Baiskeli hizo za gurudumu kubwa zilikuwa na breki ya kijichuma kama kijiko kilichoshuka na kukandamiza mpira wa mbele. Lakini kuibana ilikuwa kujitafutia balaa. Mpandaji alikaa karibu juu kabisa ya gurudumu la mbele. Likikwama kidogo tu, kwa breki au kwa jiwe, alirushwa mbele kichwa kikitangulia. Wapandaji wengine walipoteremka kilima waliipitisha miguu juu ya usukani, ili wakirushwa angalau watangulize miguu. Huo ndio ulikuwa usalama wa siku hizo, bwana.

Mwaka 1885 John Kemp Starley wa mji wa Coventry, Uingereza, akaleta baiskeli ya Rover. Magurudumu yake yalikuwa karibu sawa kwa ukubwa, na mnyororo ulipeleka nguvu nyuma. Mtu akashuka kutoka angani, miguu ikafika chini. Mwaka 1888 Dunlop akaleta tairi la upepo. Hata hivyo friwili ilikuwa bado. Wazee wale wa miaka ya 1890, waliovaa kofia na tai, walipanda baiskeli ambazo pedali zake hazikutulia hata sekunde moja. Kumbe basi, hicho kinachoitwa mtindo wa vijana wa mjini ni mambo ya babu zao!

Mwishoni mwa miaka ya 1890 mambo mawili yalibadilisha kila kitu. La kwanza ni friwili yenyewe, iliyoenea miaka hiyo. La pili ni waya unaopita ndani ya mpira au koili, uliosajiliwa na Ernest Bowden mwaka 1896, ambao baadaye uliwezesha breki kubanwa kutoka kwenye usukani. Mwaka 1903 Ernst Sachs wa Ujerumani akaunganisha friwili na breki ndani ya gurudumu la nyuma. Unarudisha pedali nyuma, baiskeli inasimama. Tangu hapo mguu ukapata likizo. Watu wa kawaida, wafanyakazi na wakulima, walipokea mabadiliko hayo kwa furaha. Nani anataka kuzungushwa miguu na mteremko?

Lakini kuna mahali pamoja ambapo friwili na breki zilikataliwa, na zinakataliwa mpaka leo. Huko ni kwenye viwanja vya mashindano, vile vya mviringo vyenye kona zilizoinuka kama ukuta. Hapo pana jina moja ambalo kila kijana Mwafrika angepaswa kulijua: Marshall Taylor, aliyeitwa Major. Alizaliwa mwaka 1878 Indianapolis, Marekani, Mtu Mweusi katika nchi iliyokuwa imejaa ubaguzi. Desemba 1896, akiwa na miaka 18, aliingia katika mashindano ya siku sita kwenye jumba la Madison Square Garden, New York. Mwaka 1899 akawa bingwa wa dunia wa mbio fupi huko Montreal, Kanada. Wazungu walimzuia, walimbana uwanjani, mmoja alifikia hatua ya kumkaba koo baada ya mbio. Yeye aliwajibu kwa miguu, akiwa juu ya baiskeli isiyo na friwili. Alifariki mwaka 1932 huko Chicago akiwa maskini. Mwaka 1948 mabaki yake yalifukuliwa kutoka kaburi la maskini, akazikwa upya kwa heshima.

Mwaka huohuo wa 1948 Wajapani walianzisha mbio za keirin katika mji wa Kokura. Watu wanaweka pesa zao kwenye kamari, na sehemu ya mapato ilikusudiwa kujenga upya nchi iliyobomolewa na vita. Mwaka 2000 keirin ikaingia Olimpiki. Nako hakuna breki.

Sasa msomaji atauliza, mbona uwanjani hawafi wote? Jibu lake ndilo ufunguo wa habari hii. Uwanjani wote wanakwenda upande mmoja. Hakuna mtoto anayevuka, hakuna mama aliyebeba kikapu, hakuna gari linalotoka uchochoroni. Mpandaji anamfuata mwenzake karibu sana, tairi kwa tairi. Pale, mwenye breki ndiye hatari! Akiibana ghafla, kumi walio nyuma yake wanaangukiana. Kukosa breki uwanjani ni mapatano ya usalama: mimi siwezi kusimama ghafla, na wewe huwezi, kwa hiyo tunajuana. Kila aliyemo ameyakubali masharti kabla ya kengele kulia.

Miaka ya 1980 baiskeli hizo zilitoka uwanjani zikaingia mitaani New York, kwa mlango wa kazi. Palikuwa na vijana waliopeleka barua na mikataba kati ya ofisi za Manhattan. Hawakulipwa mshahara wa mwezi. Walilipwa kwa kila bahasha iliyofika. Ukisimama, pesa inasimama. Baiskeli isiyo na gia wala waya haiharibiki ovyo, haina vitu vingi vya kuibwa, na mwenye miguu mizuri anaituliza katikati ya foleni kama mtu anayetembea taratibu. Wapita njia walilalamika. Mwaka 1987 Meya Ed Koch alitangaza kuzuia baiskeli mchana wa siku za kazi katika barabara tatu kubwa, Fifth, Park na Madison. Vijana waliandamana wiki kwa wiki, na mahakama ikaitengua amri hiyo. Mimi ningekuwapo ningeandamana nao, maana amri ile iliwaadhibu wote, wenye breki na wasio nazo, wakati waliowabebesha haraka hiyo walikuwa wamekaa ghorofani wakiangalia saa.

Ila baada ya mwaka 2000 mambo yaligeuka fasheni. Waliokuja nyuma hawakuwa na bahasha yoyote ya kupeleka. Baiskeli za mitumba za keirin zilitafutwa kutoka Japani kama dhahabu. Breki ikaonekana ni ya waoga. Nao wana hoja zao, na ni haki zisikilizwe. Wanasema baiskeli hiyo inakufanya uwe macho muda wote, maana huwezi kuzembea. Wanasema unaisikia barabara kwenye nyayo zako. Hayo ni kweli, siyapingi. Lakini ile hoja ya tatu, kwamba mguu ni breki, hiyo tuipime.

Chukua mwendo wa kilomita 30 kwa saa, ambao kijana mwenye nguvu anaufikia kwenye barabara tambarare. Hapo kila sekunde unakula mita 8 na zaidi. Unapofunga breki uzito unakimbilia mbele, kama abiria wa daladala wanavyoangukiana dereva anaposimama ghafla. Gurudumu la mbele linakandamizwa, linaishika barabara. La nyuma linakuwa jepesi. Breki nzuri ya mbele, kwenye lami kavu, itakusimamisha kwa mita 7 hivi tangu ilipoanza kubana. Gurudumu la nyuma peke yake litahitaji kama mara mbili ya hapo. Hata uwe na mapaja kama nguzo, haisaidii, kwa sababu upungufu hauko kwenye misuli, uko pale tairi jepesi linapogusa lami. Tena nguvu ya mguu inapita kwenye mnyororo. Mnyororo ukichomoka, huna mguu wala breki, una Mungu tu.

Mahakama nazo zimelisikia swali hilo. Mwaka 2006, huko Portland, Oregon, mpeleka barua mmoja alishtakiwa kwa kutokuwa na breki. Sheria ya kule inadai breki iweze kuburuza tairi kwenye lami kavu iliyo tambarare. Wakili akajenga hoja nzuri kabisa: miguu ya mteja wake inaweza kuburuza tairi, kwa hiyo masharti yametimia. Hakimu akakataa, mguu si breki. Waingereza walishaamua kwa njia ya kati tangu kanuni zao za mwaka 1983: gurudumu lisilo na friwili lihesabiwe kuwa breki moja, lakini breki zinatakiwa mbili, kwa hiyo ya mbele lazima ifungwe.

Mtu anaweza kusema, basi huo ni ugomvi wa makaratasi. Sivyo. Februari 2016, mjini London, mama mmoja wa watoto wawili, mwenye miaka 44, alikuwa akivuka barabara mchana. Kijana wa miaka 18 alikuja na baiskeli ya uwanjani isiyo na breki ya mbele. Alipiga kelele ili mama apishe. Kelele si breki. Waligongana, na mama akafariki baada ya siku chache. Mwaka 2017 mahakama haikumkuta kijana na hatia ya kuua bila kukusudia, bali ilimhukumu kifungo cha miezi 18 kwa kifungu cha sheria ya mwaka 1861, kilichotungwa kwa ajili ya magari ya farasi. Na mwaka 2025, Seoul nako, mwanafunzi mmoja alikufa kwenye mteremko akiwa juu ya baiskeli ya namna hiyo, ndipo polisi wa Korea Kusini wakatangaza msako. Mmoja aliua, mwingine akafa. Wote walikuwa katika umri wetu au chini yake.

Linganisha na wenzetu wa Goma, kule mashariki mwa Kongo. Wanatumia chukudu, baiskeli ya mbao isiyo na pedali, kubebea makaa, viazi na mbao kutoka milimani. Ni chombo kinachofanana na kile cha Drais cha mwaka 1817. Fundi wake hana kiwanda wala umeme, lakini hufunga nyuma kipande cha mpira wa tairi bovu, mwendeshaji akikanyage gurudumu lipungue mwendo. Hakuna polisi aliyemlazimisha. Anajua tu kwamba mteremko unaishia sokoni, na sokoni kuna watu.

Basi jibu langu ni hili. Anayetaka baiskeli isiyo na friwili aipande, ni kitu kizuri chenye heshima yake, na Major Taylor ni shahidi. Anayetaka isiyo na breki aende uwanjani, kwa wenzake waliokubaliana. Lakini barabarani afunge breki moja ya mbele, waya mmoja na mpira vipande viwili. Anasema miguu ni yake na shingo ni yake, sawa, hatumnyang'anyi. Ila zile mita 7 za ziada anazohitaji ili asimame si zake. Ni za yule anayevuka, ambaye hakuulizwa.