Barua Kutoka Pullman

Mwezi uliopita binamu yangu alikuja kwangu Kahawa West na swali moja. Makocha wawili wa vyuo vya Marekani wanamtaka. Mmoja ni wa chuo kikubwa ambacho hata mama yake amekiona kwenye runinga. Mwingine ni wa kachuo ambako wanafunzi wote, nadhani, wangeenea kwenye baraza la chifu. Wote wawili wanasema karo, chakula na malazi ni juu yao, na jibu linatakiwa kufikia Ijumaa.

"Kaka, si wewe ndiye umewahi kuingia yunivasiti?" akaniuliza.

Kweli niliingia. Nikatoka pia, mwaka wa pili, karo iliponishinda. Sikuwa na ushauri wa kumpa, lakini historia nilikuwa nayo.

Kijana wa Marekani anayetafutwa na vyuo hualikwa kuvitembelea. Hulipiwa nauli, hulala bwenini na wanatimu, humwangalia kocha akifoka mazoezini, kisha hurudi kwao kuwaza. Mkenya wa miaka ya 1970 hakuwa na bahati hiyo. Alichokuwa nacho ni barua, na Mkenya mwenzake aliyemtangulia.

Chukua mji wa Pullman, jimbo la Washington. Ni mji mdogo katikati ya vilima vya ngano, na theluji hapo si hadithi. Kocha John Chaplin wa Washington State University alimpata John Ngeno. Baadaye akaja Samson Kimobwa, ambaye mwaka 1977 aliweka rekodi ya dunia ya mita 10,000 kule Helsinki. Na mwaka 1976 akafika Henry Rono, kijana wa Nandi aliyetoka jeshini.

Mwaka 1978, Rono akiwa bado mwanafunzi, alivunja rekodi nne za dunia katika siku 81: mita 5,000, mita 3,000 kuruka viunzi na maji, mita 10,000, kisha mita 3,000. Ya kwanza aliivunja Berkeley tarehe 8 Aprili, ya mwisho Oslo tarehe 27 Juni. Na bado hakuwahi kukimbia Olimpiki hata mara moja. Kenya ilisusia Montreal 1976, ikasusia Moscow 1980. Kwa hiyo uwanja wa chuo haukuwa ngazi tu kwake. Kwa sehemu kubwa ulikuwa jukwaa lake lenyewe.

Hapo nikamwambia binamu yangu aelewe anatafutiwa nini. Mashindano ya vyuo hutoa alama: mshindi hupata 10, wa pili 8, hadi wa nane anayepata 1. Mtu mmoja akishinda mbio mbili ameiletea timu yake alama 20. Tena misimu ni mitatu: mbio za nyika, mbio za ukumbini wakati wa baridi, halafu za uwanjani. Miguu ni ile ile. Na tangu mwaka 1973, vyuo viliruhusiwa kutoa ufadhili wa mwaka mmoja mmoja, unaotazamwa upya kila mwaka. Siku hizi vingine huahidi miaka yote minne, lakini ahadi hiyo lazima uisome kwenye karatasi.

Rono wa baadaye tunamjua. Pombe ilimshika, pesa zikaisha, akapata kuosha magari huko huko Marekani. Aliinuka, akaandika kitabu cha maisha yake, akarudi nyumbani, akafariki Februari 2024. Simlaumu kocha wala chuo, maana maisha ya mtu hayaharibiwi na barua moja. Ninachouliza ni nani alikuwa akimhesabia Rono siku ambazo saa ya mkononi haikuwa ikikimbia.

Maana wapo waliopata mtu wa namna hiyo. Julius Sang na Robert Ouko walienda North Carolina Central, chuo cha Wamarekani weusi mjini Durham, chini ya kocha Leroy Walker. Mwaka 1972 kule Munich, wao wawili pamoja na Charles Asati na Hezahkiah Nyamau waliipa Kenya dhahabu ya kupokezana vijiti, mita 400 mara nne. Walker huyo huyo, miaka 20 baadaye, akawa mweusi wa kwanza kuongoza Kamati ya Olimpiki ya Marekani.

Na kama binamu yangu anaogopa kachuo kadogo, basi amkumbuke Peter Rono. Huyu alitoka St. Patrick's, Iten, akaenda Mount St. Mary's, chuo kidogo cha Kikatoliki huko Maryland. Mwaka 1988 kule Seoul akashinda dhahabu ya mita 1,500 akiwa na miaka 21. Katika Olimpiki hiyo hiyo Paul Ereng, aliyesoma Starehe, alishinda mita 800. Yeye alikuwa University of Virginia, chuo kikubwa. Kwa hiyo ukubwa wa chuo hauamui kitu.

Binamu alinyamaza kidogo. "Sasa niende wapi?"

Nikamwambia mimi simchagulii. Mimi nilichaguliwa kozi na alama za mtihani, nikaenda bila kuuliza nani atalipa mwaka wa pili. Swali hilo lingenigharimu dakika tano. Kutoliuliza kumenigharimu shahada.

Tulikaa na simu yake mpaka saa nne usiku. Akawaandikia makocha wote wawili maneno yale yale: Nikiumia goti mwaka wa pili, nani atanilipia karo? Wakenya waliopita hapo, wangapi walimaliza masomo? Naweza kuongea na mmoja wao?

Yule wa kachuo alijibu kabla hatujalala, akatuma namba ya simu ya Mkenya. Yule wa chuo kikubwa tunamngoja. Leo ni Alhamisi.